Mpangaji Asiye na Garanti

Kila mtu aliyepata kutafuta nyumba ya kupanga katika Bukavu, Lubumbashi au Kisangani analijua neno hili: garanti. Unaiona nyumba, inakupendeza, mnapatana na mwenyewe bei ya mwezi, mikono inakaribia kushikana, halafu bwana yule anakohoa kidogo na kuuliza: «Na garanti je?» Hapo furaha inakoma. Fedha ya mwezi mmoja unayo. Lakini fedha ya miezi kadhaa kwa mara moja utaitoa wapi? Wengi wetu tumerudi kwetu jioni kwa miguu, tumeiacha nyumba nzuri nyuma yetu, si kwa sababu tulishindwa kulipa kodi, bali kwa sababu tulishindwa kulipa mlango.

Labda wako wanaodhani kwamba taabu hiyo ni ya miji yetu tu, na kwamba kule Ulaya, penye serikali tajiri inayowasaidia maskini, kila mtu hulala pasipo wasiwasi. Leo twataka kuwapeleka wasomaji wetu Uingereza wajionee wenyewe. Hatukuichagua nchi hiyo bure. Toka mwaka 2004 hata 2020 serikali yake ilikuwa na mpango wa kuwatoa wakimbizi makambini na kuwapa makao, na Wakongo walikuwa miongoni mwao. Mji wa Sheffield ulikuwa wa kwanza kuingia katika mpango huo. Wakongo wengine walifika kwa njia zao wenyewe, wakaomba hifadhi, wakakubaliwa. Basi jamaa zetu nyingi zina ndugu huko, na ndugu hao wanapokuwa kimya katika simu, mara nyingi sababu yake ni nyumba. Ni vema tujue wanapambana na nini, tusiwashtaki bure kwamba wametusahau.

(Twaandika hapa habari za Uingereza yenyewe. Scotland, Wales na Ireland ya Kaskazini zina sheria zao za upangaji, na mtu asichukue kanuni ya huku akaidai kule.)

Serikali yalipa kodi, bali mlango hailipi

Msaada mkubwa wa nchi ile kwa watu wenye kipato kidogo huitwa Universal Credit. Sheria yake ilitungwa mwaka 2012, na mwaka 2013 watu wa kwanza wakaanza kuupokea. Umeunganisha misaada sita ya zamani kuwa mmoja. Ndani yake mna sehemu ya chakula na mavazi, sehemu ya watoto, na sehemu ya kodi ya nyumba. Asidhani mtu kwamba wanaoupokea wote ni wavivu waliokaa vibarazani. Wengi wao wanafanya kazi: wanafagia hospitali, wanatunza wazee, wanapakua mizigo ghalani usiku, ila mshahara wao hautoshi. Wengine ni wagonjwa, wengine ni akina mama waliobaki peke yao na watoto.

Sasa na tumfikirie mama mmoja wa namna hiyo, mwenye watoto wawili. Amepata nyumba ndogo ya paundi 700 kwa mwezi. Katika miji mingi bei hiyo ni nafuu; London haipatikani. Sheria iliyoanza tarehe 1 Juni 2019 inamkataza mwenye nyumba kudai garanti kupita kodi ya majuma matano, maadamu kodi ya mwaka haifiki paundi 50,000. Ni sheria njema, maana zamani kila mmoja alidai alivyotaka, na ofisi za kupangisha nyumba zilitoza fedha za kuandika karatasi, fedha za kuchunguza sifa za mtu, hata fedha za kuandika upya mkataba ule ule. Ada hizo zilipigwa marufuku siku hiyo. Lakini tufanye hesabu. Majuma matano ya nyumba ya paundi 700 ni paundi 807 na zaidi kidogo. Juu yake mama atatakiwa kulipa mwezi wa kwanza kabla hajaingia, paundi 700. Jumla ni paundi 1,507, nazo zatakiwa siku moja, mezani, kabla ya ufunguo.

Je, mama huyo anazo? Katika mwaka wa serikali ulioanza Aprili 2025, sehemu ya maisha ya mtu mmoja aliyetimiza miaka 25 ilikuwa paundi 400 na peni 14 kwa mwezi. Kwa ajili ya watoto aliongezewa. Lakini watoto nao wanakula, wanavaa, wanahitaji moto wakati wa baridi. Tuseme ni mwekevu sana, na kila mwezi anaweka paundi 25 bila kuzigusa kamwe, hata kiatu kikitoboka. Atazifikia paundi 1,507 baada ya miaka mitano. Mtoto aliyeanza shule ya msingi siku ile atakuwa amekaribia kuimaliza.

Na liko jambo jingine ambalo watu wengi hawalifikirii. Mwenye kuhama huhitaji garanti mbili kwa wakati mmoja. Ile ya nyumba ya zamani hairudi mpaka ametoka, mwenye nyumba amekagua, wamepatana juu ya uharibifu. Bali ile ya nyumba mpya yatakiwa kabla hajaingia. Kati ya siku hizo mbili pana shimo, na maskini ndiye anayeanguka ndani yake. Tajiri hulivuka hata asitambue kwamba lilikuwapo.

Ndugu zetu waliopewa hifadhi wana shimo lao wenyewe, lenye kina zaidi. Anayengoja jawabu la ombi lake hukaa katika nyumba ya serikali. Siku anayokubaliwa, siku ya furaha kuliko zote, saa inaanza kuhesabu: kwa miaka mingi kanuni ilikuwa siku 28, kisha atoke. Ndipo aombe Universal Credit, na malipo ya kwanza ya msaada huo kwa kawaida huja baada ya majuma matano, ndiyo siku 35. Toeni 28 katika 35. Wako watu waliopata barua ya kukubaliwa mwanzoni mwa mwezi, na mwisho wa mwezi wakalala katika kituo cha mabasi na barua hiyo mfukoni.

Kwa nini hawaendi kwenye nyumba za mji?

Msomaji atauliza: si zipo nyumba za baraza la mji, zenye kodi ndogo? Zipo, na kwa desturi haziombi garanti. Baada ya vita kuu ya pili zilijengwa kwa wingi, na mfanyakazi wa kawaida alipata mlango wake na bustani yake ndogo. Mwaka 1980 ikatungwa sheria ya kuwaruhusu wapangaji kuzinunua kwa bei ya chini. Wengi walifurahi, na nani angewalaumu? Karibu nyumba milioni 2 ziliuzwa katika Uingereza tangu hapo. Lakini zilizojengwa mahali pake hazikulingana hata kidogo na zilizouzwa; ndiyo maana orodha ya wanaongojea ikawa ndefu, na watu ambao zamani wangepewa nyumba ya mji wakasukumwa kwenda kwa wenye nyumba wa binafsi, wenye garanti zao. Walioshindwa kote kote huwekwa na baraza katika makao ya muda, mara chumba kimoja cha hoteli kwa mama na watoto wote. Tangu mwaka 2023 hesabu ya jamaa zilizo katika makao hayo nchini Uingereza imepita 100,000.

Kile kipimo cha msaada wa kodi nacho kina hadithi yake. Serikali hailipi kodi yoyote itakayotajwa. Tangu mwaka 2011 kanuni ni hii: zichukueni nyumba za kupanga za mahali fulani, mzipange kutoka ya bei ndogo mpaka ya bei kubwa, msaada utatosha kwa zile 30 za chini katika kila 100. Hayo ndiyo maandishi. Lakini toka mwaka 2016 hata 2020 kipimo kilisimamishwa, hali kodi zikipanda. Kikapandishwa mwaka 2020, kikasimamishwa tena mpaka Aprili 2024. Mwaka 2025 hakikuongezwa. Kwa hiyo mahali pengi anayetafuta hazioni zile nyumba 30 katika 100. Anaziona chache tu, nazo zina watu mia mlangoni. Kijana asiye na mke wala mtoto, ambaye hajatimiza miaka 35, kwa kawaida husaidiwa kwa kadiri ya chumba kimoja katika nyumba ya kushirikiana na wengine, basi.

Herufi tatu zisizotaka kufa

Tulipokuwa tukisoma habari hizi tulikutana na jambo la ajabu kidogo. Kwa miaka mingi matangazo ya nyumba katika magazeti na madirisha ya maduka yalimalizika kwa maneno «No DSS». Herufi hizo ni jina la wizara iliyotoa misaada ya serikali, na maana ya tangazo ni: anayeishi kwa msaada asibishe hodi. Wizara hiyo ilianza mwaka 1988, ikavunjwa mwaka 2001. Jina lake limekufa zamani. Lakini mlangoni mwa nyumba za kupanga lilikataa kuzikwa, na vijana waliozaliwa baada ya kuvunjwa kwake wamefukuzwa kwa jina hilo.

Tuwatendee haki wenye nyumba pia. Si wote wenye mioyo migumu. Mwingine alikopa benki ili ainunue nyumba ile, na benki humdai kila mwezi, mpangaji alipe asilipe. Anajua kwamba msaada hulipwa mwezi ukiisha, si mwezi ukianza. Kwamba kwa kawaida huwekwa mkononi mwa mpangaji mwenyewe. Na kwamba kosa dogo la karatani ofisini laweza kuusimamisha. Zamani benki nyingine na kampuni za bima zenyewe zilimkataza kupangisha kwa watu wa namna hiyo. Hofu yake ina mizizi. Ila hofu ya mmoja ikiwa kanuni ya wote, mama aliyelipa kodi yake bila kukosa kwa miaka mingi anafukuzwa pamoja na mdanganyifu, hata jina lake halijaulizwa.

Ndivyo ilivyompata mama mmoja mwenye watoto wawili mwaka 2018. Alikuwa na barua nzuri za wenye nyumba wake wa zamani. Ofisi ya kupangisha ilimjibu kwamba haikubali watu wa msaada, ikakataa hata kumwonyesha nyumba. Akakosa makao pamoja na watoto wake. Lakini hakunyamaza. Alisaidiwa na Shelter, chama kilichoanzishwa Desemba 1966 kwa ajili ya watu wasio na nyumba, na shauri lake likafika mbele ya korti ya York. Hoja ilikuwa ya akili. Sheria ya Uingereza haikutaja msaada wa serikali kati ya sababu ambazo kwazo ni haramu kumbagua mtu. Lakini iliwataja wanawake, na iliwataja walemavu. Na ni nani wanaopokea msaada wa nyumba zaidi ya wengine? Ni wanawake, na ni walemavu. Kwa hiyo anayefunga mlango kwa wote wa msaada anawafungia hao kuliko wengine, hata kama hakuwataja. Julai 2020 hakimu alikubali: kanuni ile ya jumla ilikuwa kinyume cha sheria ya usawa ya mwaka 2010. Septemba mwaka ule ule korti ya Birmingham ilihukumu vivyo hivyo katika shauri la baba mlemavu.

Baadaye bunge lilitunga sheria ya haki za wapangaji, iliyotiwa sahihi tarehe 27 Oktoba 2025. Sheria hiyo inakataza waziwazi kumkataa mtu kwa kuwa anapokea msaada au ana watoto, inakataza kudai kodi ya zaidi ya mwezi mmoja mbele, na inaondoa ile desturi ya kumtoa mpangaji bila kutaja sababu. Serikali ilipanga sehemu hizo zianze tarehe 1 Mei 2026. Twafurahi. Lakini hatuna budi kusema tulionalo: mwenye nyumba aliyepata maombi 20 kwa nyumba moja hahitaji kusema sababu. Atachagua mmoja, atawaambia 19 kwamba nyumba imekwisha, na nani atajua alichokuwa nacho moyoni? Tena sheria haikuiondoa garanti. Yule wa msaada sasa anaweza kubisha hodi. Paundi 807 bado zamngoja mezani.

Neno la mtu mahali pa fedha

Hapa ndipo tunafika kwenye jambo lililotufanya tuandike. Babu zetu walijua kwamba mtu asiye na mali huweza kusimamiwa na mtu mwenye jina. Mgeni alipofika kijijini, mwenyeji wake alisema: «Huyu ni wangu, akiharibu, njooni kwangu.» Neno hilo lilitosha. Kumbe katika miji ya Uingereza, penye mashine na mabenki, dawa inayowafaa zaidi watu wasio na garanti ni ile ile: neno la mtu wa kuaminika, ila limeandikwa.

Mabaraza mengi ya miji, na vyama vya kusaidia watu wasio na nyumba, vina mpango wa kutoa hati ya dhamana. Hakuna fedha inayopita mkononi siku ya kuingia. Baraza au chama kinamwandikia mwenye nyumba karatasi: «Mpangaji huyu akiharibu mlango au akiacha deni, tutakulipa hata kiasi fulani.» Hati hiyo husimama mahali pa garanti kwa muda uliotajwa, mara nyingi mwaka mmoja hivi. Chama chema hakiishii hapo: kabla ya kuandika hati, mtumishi wake anakaa na mpangaji, wanahesabu kinachoingia na kinachotoka, na anampigia mwenye nyumba simu akimwambia kwamba shida ikitokea amwite yeye kwanza. Twadhani simu hiyo ina nguvu kuliko karatasi. Mwenye nyumba anayeogopa haogopi sana kupoteza paundi 800. Anaogopa kuachwa peke yake na shida. Akijua yuko mtu wa kuitwa, moyo wake unalegea.

Tusifiche udhaifu wa mpango huo. Mwenye nyumba halazimishwi kuikubali hati. Wengi husema wanataka fedha taslimu. Mabaraza mengine hutoa hati kwa wenye watoto au wagonjwa tu, au kwa waliokaa mjini humo muda wa kutosha. Mfuko nao una mwisho wake. Ndiyo sababu anayetafuta hana budi kuuliza mapema, katika baraza na katika vyama vyote viwili vitatu vya mji wake, asingoje jawabu la kwanza ndipo aulize la pili.

Mapema ni lini? Sheria iliyoanza tarehe 3 Aprili 2018 inasema kwamba mtu anayeelekea kukosa nyumba katika siku 56 zijazo ana haki ya kusaidiwa na baraza ili asikose. Haidhuru kama bado ana kitanda leo. Baraza limpokee, liandike pamoja naye mpango wake, na apewe nakala ya mpango huo. Kosa la wengi ni kuona haya. Wanaificha ile barua ya kuambiwa watoke, wanaiweka chini ya godoro, wanaomba kwa marafiki, halafu wanafika barazani na mifuko mkononi siku ya mwisho. Hapo baraza halina la kufanya ila kutafuta chumba cha muda. Kama angefika na barua mbichi, mtumishi angekuwa na majuma manane ya kutafuta nyumba, na mabaraza mengi huona ni nafuu kwao kulipa garanti kuliko kulipa hoteli. Mwombaji na aitaje garanti kwa jina lake: «Nyumba nimeiona, kodi yake ni hii, ninachokosa ni garanti na mwezi wa kwanza.» Anayesema hivyo husikilizwa upesi kuliko anayesema tu «nina shida ya nyumba».

Ziko na njia za mkopo. Mtu aliyepokea msaada kwa miezi sita anaweza kuomba kupewa mbele fedha za haja kubwa, na kodi ya mwezi wa kwanza yaweza kuingia humo. Kiasi cha juu kwa mwenye watoto mwaka 2025 kilikuwa paundi 812. Anayengoja malipo ya kwanza aweza kuomba sehemu itangulizwe. Aliyepewa hifadhi ana mkopo wake wa pekee usio na riba, unaoruhusiwa waziwazi kwa garanti ya nyumba. Wengi wa ndugu zetu hawajui kwamba upo. Yote hayo ni deni, tusidanganyane. Hukatwa katika msaada wa kila mwezi, na mtu aliyejazana mikopo mitatu huingia katika nyumba yake mpya akiwa na sahani tupu. Hati ya dhamana kwanza. Mkopo baadaye, na uwe mmoja.

Jambo moja la kuangaliwa na wageni kabla ya yote: karatasi ya ukaaji. Wako wageni ambao ruhusa yao imeandikwa kwamba hawana haki ya fedha za serikali. Mtu wa namna hiyo akiomba msaada asiostahili aweza kujiharibia ukaaji wake. Na aende kwanza kwa mwanasheria au kwa chama cha kuwashauri wageni. Tena tangu Februari 2016 mwenye nyumba wa Uingereza amelazimishwa kuhakikisha kwamba mpangaji ana haki ya kukaa nchini kabla ya kumpangisha. Akiuliza karatasi, si matusi.

Kumwendea mwenye nyumba

Ofisi kubwa za kupangisha humpima mtu kwa mashine: mshahara mara kadhaa ya kodi, historia ya madeni, na asiyefikia kipimo huombwa mdhamini mwenye mshahara mnono anayekaa nchini. Mtu wa msaada hushindwa hapo, tena na tena. Mlango ulio mwepesi zaidi ni wa mwenye nyumba mdogo, mwenye nyumba moja au mbili, anayepangisha mwenyewe bila komisioneri. Kwake asiende mikono mitupu. Achukue karatasi za miaka iliyopita zinazoonyesha kwamba alilipa kodi, barua ya mwenye nyumba wa zamani hata kama ni ya mistari mitatu, hesabu ya msaada atakaopewa katika mtaa huo, na barua ya baraza au chama juu ya dhamana. Aweza pia kumweleza kwamba mpangaji akishindwa kulipa, ofisi ya msaada inaweza kuombwa kupeleka sehemu ya kodi moja kwa moja kwa mwenye nyumba. Wengi wa wenye nyumba hawalijui hilo.

Wadanganyifu hawakosi. Kuna matangazo ya nyumba nzuri kwa bei ndogo mno, na mtu anayeitwa mwenye nyumba yuko «safarini», hawezi kukuonyesha, lakini garanti anaitaka leo ili asiwape wengine. Anayetafuta kwa haraka ndiye anayeshikwa. Asiyeingia ndani ya nyumba kwa miguu yake asitoe hata peni moja. Fedha ya kuishikilia nyumba yaruhusiwa, lakini isipite kodi ya juma moja, na mtu akiingia huhesabiwa ndani ya malipo yake.

Mwishowe garanti ikilipwa kwa fedha, na baraza au na chama au na mpangaji mwenyewe, si mali ya mwenye nyumba. Tangu Aprili 2007 hana ruhusa ya kuiweka mfukoni tu: ni lazima ailinde katika mmojawapo wa mipango iliyokubaliwa na serikali, na ampe mpangaji maandishi yake, yote katika siku 30. Asipofanya hivyo korti yaweza kumwamuru alipe mara moja hata mara tatu ya garanti ile. Mabishano hutokea siku ya kutoka, lakini hushindwa au hushindika siku ya kuingia, wakati wa kuandika orodha ya vitu na hali yake. Na isomwe chumba kwa chumba, bila haraka, hata kama mwenye nyumba ametazama saa yake. Dirisha lisilofunga, doa la maji ukutani, jiko lenye kifundo kilichokatika, vyote viandikwe na vipigwe picha, kabla ya kitanda kuingizwa ndani.